Mkwe wa Ng'ambo ya Mfereji

Uyole, Mbeya
14 Machi 1958

Mke wangu mpenzi Atuganile,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Sote wazima, mvua haifanyi mchezo mwaka huu, na pareto imechanua mpaka kule juu mlimani.

Nina mambo mawili, moja tamu na moja chungu. Nianze na chungu nisije nikaliogopa.

Jumapili iliyopita wazee wa ukoo walikaa hapa kwetu. Mzee Saulo ndiye aliyeanzisha. Alisema mwaka tuliokupa wa kusomea unesi unakwisha Juni, sasa hiyo miaka miwili mingine ya nini? Akasema, "Huyu binti akirudi ni mkwe wetu sisi sote tuliokaa hapa. Mila inamkataza kututazama, kututaja majina, hata kukutana nasi njiani. Mimi nikishikwa na tumbo, atanitibu akiwa amejificha migombani?" Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na togwa. Mimi sikucheka. Nesi anayewakimbia nusu ya wagonjwa wake ni nesi gani? Mwisho wakakubaliana kwamba baba ndiye atakayekata shauri akirudi kutoka safari. Akisema basi, Juni unafunga mizigo.

Safari yenyewe ndiyo jambo tamu. Chama cha wakulima wa pareto kimemchagua baba aende Uingereza kuona kiwanda wanakogeuza maua yetu kuwa dawa ya wadudu. Bwana Kilimo anamsindikiza. Wakati wa kurudi watapitia Amsterdam, Uholanzi, na huko Bwana Kilimo atakwenda kumwona dada yake mji mwingine. Baba atabaki hotelini peke yake kuanzia tarehe kumi Aprili, kungojea ndege ya tarehe kumi na nne. Kiingereza hajui, na chakula asichokijua hakigusi. Mama ameanza kulia tangu sasa.

Nenda, Atuganile. Uliniambia una likizo baada ya Pasaka. Nimemwandikia Silvester, yule kijana wa Kilolo anayesoma London, afuatane nawe awe mdomo wenu. Wewe unamwambia Silvester, Silvester anamwambia baba, na wewe unakaa mbali kama inavyotakiwa. Mtembezeni, mlisheni, arudi na moyo mzuri. Mchungaji ameshasema mara nyingi mila hii tuiache, lakini unamjua baba. Anasema yeye ni mzee wa kanisa na hajasoma popote kwamba heshima ni dhambi. Usimlazimishe.

Mumeo,
Jailos

*

Ipswich, Uingereza
24 Machi 1958

Jailos wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili kwa hasira kidogo.

Yule mzee wa tumbo, ambaye jina lake wewe unaliandika na mimi siliandiki, mwambie swali lake ni zuri. Kweli. Linaniuma kwa sababu ni zuri. Lakini mimi sikuja huku kufua mashuka mwaka mzima kisha nirudi na nusu ya kazi kichwani. Nimejifunza kufunga vidonda na kupima homa, bado sijafundishwa kuzalisha, na kuzalisha ndiko kulikonileta. Ukinitoa sasa umenitoa jikoni chungu kikiwa mekoni.

Ninakwenda Amsterdam. Sista wa wodi ameniruhusu, nimekata na tikiti ya meli. Baba yako atakula, atatembea, atacheka, na hataona hata kisigino changu. Unanijua nikisema. Mwambie mama asilie.

Mkeo,
Atuganile

*

Iringa Mjini
2 Aprili 1958

Shoga yangu Atuganile,

Salamu zako zimefika, nami nimecheka mpaka Sista Mkuu akanitoa wodini. Ati unavuka bahari kwenda kumtembeza mtu usiyeruhusiwa kumwona! Haya ndiyo mambo yenu watu wa Mbeya. Sisi kwetu baba mkwe unamwamkia shikamoo, unampikia pilau, unamwekea maji ya kunawa, yamekwisha. Ninyi mnakimbiana kama mlioibiana kuku. Nakumbuka arusi yako, mkweo Mzee Sedekia alipoingia mlango huu, wewe ulitokea dirishani na shela yako, na mimi msimamizi wako nikabaki nimeshika maua kama mjinga.

Lakini nisikutanie sana, najua roho iko juu. Sikiliza. Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza darasani kwetu hapa Iringa, na kama wakikurudisha Juni nitakuja Uyole mwenyewe na kanga kiunoni nigombane na hao wazee mmoja mmoja. Mimi si mkwe wao.

Sasa ahadi moja. Niandikie kila mnachokula na kila mnachokiona, usinifiche hata chumvi. Mimi Ulaya nitaijua kwa tumbo lako.

Ni mimi,
Waridi

*

Amsterdam
11 Aprili 1958

Waridi shoga,

Kaa chini kwanza. Silvester hakuja! Nilimngoja bandarini mpaka meli inataka kung'oa nanga, nikaletewa simu ya maandishi: ameshikwa na matubwitubwi, mashavu yamevimba, daktari amemfungia ndani. Huyo ndiye mdomo wetu. Nikapanda meli peke yangu, na njia nzima nikimsema.

Mji huu umejaa maji. Pale ambapo sisi tungepitisha barabara wao wamepitisha mfereji mpana, na kijibarabara kila upande, na madaraja ya kuvukia. Nyumba ni nyembamba na ndefu, zimebanana bega kwa bega, na kila moja ina kulabu ya chuma juu kabisa. Nikauliza ya nini. Nikaambiwa ngazi zao ni finyu, kwa hiyo kabati na kitanda hupandishwa kwa kamba na kuingizwa dirishani. Baiskeli ni nyingi usiseme. Nimeona bibi kizee anaendesha na mbwa amekaa kapuni.

Jana asubuhi nilimwona Mzee akitoka hotelini, koti la kuazima limemfika visiginoni. Niligeuka mara moja nikatazama ukuta, lakini nilikuwa nimeshaona. Amekonda, Waridi. Moyo uliniuma vibaya. Huko Uingereza, nasikia, wiki nzima aliishi kwa mkate na chai.

Nifanye nini? Kumwendea siwezi, kumwacha siwezi. Nikautazama ule mfereji nikasema, Mungu wangu, kumbe huu umechimbwa kwa ajili yangu! Nikavuka daraja, nikasimama ng'ambo, nikajifunika mtandio, nikaimba wimbo wa kanisani kwa Kinyakyusa, sauti yote. Wazungu wakasimama kunishangaa. Na Mzee akasimama. Hakuangalia upande wangu hata kidogo, alitazama maji, akakohoa. Nikaanza kutembea, naye akatembea. Mimi huku, yeye kule, maji katikati. Nikikata kulia naye anakata kulia. Shida ilikuwa madaraja tu. Nikitaka kuvuka nakohoa, naye anageukia dirisha la duka mpaka nipite. Amekwisha kutazama viatu vya kike, saa, majeneza, na duka zima la jibini, magurudumu ya jibini yamepangwa mpaka darini.

Tuliona soko la maua linaloelea majini. Mzee alikaa hapo sana. Ananusa ua, anatikisa kichwa, ananusa jingine. Nadhani alikuwa anatafuta pareto.

Sasa chakula. Nilimpeleka mahali pa ajabu. Ni ukuta mzima wa vijidirisha vya kioo, na ndani ya kila kijidirisha kuna chakula cha moto, vidonge vinene vya nyama vilivyokaangwa mpaka vikawa vya kahawia. Unatumbukiza sarafu, kijidirisha kinafunguka, unachukua. Mpishi yuko nyuma ya ukuta, humwoni wala hakuoni. Niliingia mimi kwanza nikanunua polepole ili aone inavyofanywa, kisha nikatoka kwa mlango wa pili nikajibanza. Akaingia. Akala kimoja. Akakaa kidogo, akala cha pili. Halafu, Waridi, alivua kofia, akainama mbele ya ule ukuta, akauambia kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu, ndaga. Kumbe na watu wa hapa wana wakwe."

Nilishika mdomo nisicheke kwa sauti. Asante yote hiyo kwa ukuta! Anaamini kabisa kwamba vile vijidirisha vimewekwa ili mke wa mtoto aweze kumlisha baba mkwe wake bila kuonana. Anaona Waholanzi ni watu wenye heshima sana. Ningemsahihisha kwa mdomo gani? Nikamwacha, na akala cha tatu.

Wako,
Atuganile

*

Amsterdam
12 Aprili 1958, jioni

Waridi,

Leo tumepata mdomo! Sikia maajabu.

Mchana niliingia hoteli moja ya chakula, nikakaa nyuma ya kiambaza cha mbao, na Mzee akaja akakaa upande wa pili. Akaja boi. Boi mzungu, Waridi, mwenye masharubu na aproni nyeupe, anakuinamia na kukuvutia kiti! Nilimwagiza chakula kwa Kiingereza, cha kwangu na cha jirani. Kikaja. Lakini nikasikia upande wa pili kimya, kijiko hakigusi bakuli. Nikajua anaogopa. Basi nikamgeukia boi nikamwambia kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya kutosha, "Bwana mwenye aproni, mwambie mgeni wako kwamba hii ni supu ya njegere, na ndani mna nyama ya nguruwe, na ni nzuri." Boi akaduwaa. Kutoka nyuma ya kiambaza ikaja sauti, "Bwana mwenye aproni, mwambie huyo anayesema kwamba nimesikia. Na mwambie bakuli ni dogo."

Yule boi akageuza kichwa kwangu, akageuza kwake. Tulipofika kwenye chapati za mayai na asali ya miwa alikuwa ameshaelewa mchezo. Alisimama katikati, mikono nyuma, akimwinamia kila anayesema. Neno hata moja haelewi. Nimemtumia kuliko nilivyowahi kumtumia mdogo wangu. (Nguruwe usininung'unikie, wewe hukuwapo.)

Baadaye tulikwenda nyumba ya picha za kuchora. Hapo mdomo wetu ulikuwa mlinzi, maskini, anayelipwa kusimama kimya. Kuna picha kubwa kama ukuta wa kanisa, wanaume wenye kofia na bunduki. Mzee akamuuliza mlinzi amuulize anayesema kama watu hao wamekwisha kufa wote. Nikasema zamani sana. Akasema, "Mwambie mbona wananitazama." Mbele ya picha ya ng'ombe alikaa kitako kwenye benchi, nami nikakaa benchi la nyuma nikamtazama ng'ombe huyo huyo. Nilikumbuka nyumbani mpaka nikalia kidogo, nikajifuta upesi. Kisha tukapanda mashua yenye paa la kioo inayozungusha watu kwenye mifereji, yeye mbele kabisa, mimi nyuma kabisa, katikati Wamarekani wanapiga picha.

Jioni hii tulirudi kwa boi wetu. Tulipomaliza kula Mzee akasema, "Bwana mwenye aproni, muulize huyo anayesema, hospitalini wanamfundisha nini?" Waridi, nilikuwa nimelingoja swali hilo tangu nishuke melini. Nikamweleza boi kila kitu. Vidonda, homa, sindano, na kwamba uzazi unafundishwa mwaka ujao na wa mwisho, na wanawake wa Uyole wanavyokufa njiani wakibebwa machela kwenda Mbeya mjini. Nilisema mpaka boi akaweka sinia chini. Mzee akajibu, "Mwambie nimesikia. Amesema vizuri. Lakini swali la mzee wa tumbo halijajibiwa."

Hivyo tu. Nimebakiza kesho. Nitamlisha samaki wa kukaanga, maana yeye amezaliwa Kyela na samaki hawajawahi kumshinda. Akishiba samaki labda moyo utafunguka. Mimi sijakata tamaa, wala usinikatie.

Atuganile

*

Ipswich
15 Aprili 1958

Jailos wangu,

Baba yako amepanda ndege salama. Nilisimama mbali nikaiona ikiruka. Amekula vizuri siku zote, ameona mifereji, maua, na nyumba ya picha, na mwili umeanza kurudi. Silvester aliugua, lakini tulipata watu wa kutusaidia kusemezana. Heshima ilitunzwa. Hakuna jingine la kuandika.

Nangoja neno lenu. Lolote litakalokuwa, niandikie wewe mwenyewe, usimwachie mtu.

Mkeo,
Atuganile

*

Ipswich
15 Aprili 1958

Waridi,

Nimetoka kumwandikia Jailos barua fupi iliyonyooka kama nguo ya kupigwa pasi. Ya kweli nakuletea wewe.

Juzi, siku ya mwisho, nilimwagizia samaki kama nilivyosema. Samaki mzima, kichwa na mkia, siagi inachuruzika. Nikamwambia boi, "Mwambie ana miiba, ale polepole." Mzee akajibu kwa kicheko, mara ya kwanza namsikia akicheka, "Mwambie nilikuwa nakula samaki wa Ziwa Nyasa kabla mama yake hajaolewa!" Nami nikacheka nyuma ya kiambaza. Nikasema moyoni, leo tumefika.

Halafu nikasikia kiti kinasukumwa. Kikohozi, tena kikohozi, kisha sauti ya mtu anayetafuta pumzi. Boi akambamiza mgongoni, ikawa mbaya zaidi. Nilijaribu njia ya heshima kwanza, Mungu ni shahidi. Nilimpigia boi kelele kwa Kiingereza kutoka nilipokaa: mfungue kinywa, kandamiza ulimi kwa kijiko, tazama upande. Akafungua, akaona damu, akawa mweupe kuliko aproni yake, akakaa chini. Mdomo wetu umezimia!

Basi nikazunguka kiambaza.

Sikufikiri, Waridi, nisikudanganye kwamba nilifikiri. Nilimwomba mama mmoja kibano chake cha kung'olea nyusi, nikakichovya kwenye pombe kali ya mteja, nikamshika Mzee taya kwa mkono wa kushoto, nikamwelekeza kwenye mwanga wa dirisha. Kijiko juu ya ulimi. Mwiba umechoma pembeni, nyuma kabisa, ncha tu inaonekana. Mimi nilitazama koo. Uso sikuutazama, nakuapia. Nilivuta mara moja ukateleza, nikavuta mara ya pili ukatoka, mrefu kama njiti ya kiberiti. Akavuta pumzi. Watu wakapiga makofi kama wako mpirani.

Mimi nikageuka ukutani nikasimama hapo, kibano mkononi. Nikangoja aseme na boi. Boi alishazinduka, amesimama, anangoja pia. Mzee akakohoa, akachukua kofia yake, akatoka. Hakumwambia boi neno. Hata ndaga, ile aliyoipa ukuta, mimi sikuipata.

Sasa nikuulize, mimi nimejibu swali la wazee au nimelithibitisha? Akifika nyumbani akisema mkwe wake amemshika taya mbele ya Wazungu, nimekwisha. Watasema Ulaya imenivua adabu, na Juni niko kwenye meli. Naogopa, shoga. Lakini sijuti, na hili liandike mahali. Wakiniita nirudi nitarudi na kichwa juu, kwa sababu ningemwacha afe kwa heshima ningekuwa nimemuua kwa heshima.

Usimwambie mtu yeyote.

Atuganile

*

Iringa Mjini
21 Aprili 1958

Shoga yangu,

Nimepata barua zako mbili, ile ya ukuta na ile ya boi. Ya siku ya mwisho haijafika, sijui samaki walikwendaje. Lakini nina habari moto moto: mkweo amepita hapa!

Basi la kutoka Dodoma lililala Iringa juzi, naye akafikia hotelini kwa mjomba Muhidini. Nilipopata habari nilikwenda mbio. Lo, amependeza na hilo koti. Nikamwamkia, akaniitikia vizuri, akanikumbuka kwamba ndimi niliyebaki na maua. Nikasema, huyu mgeni wa Atuganile ni mgeni wangu, nikaingia jikoni mwenyewe, nikamkaangia samaki, nikawapanga juu ya wali na ndimu pembeni. Atuganile, aliitazama ile sahani kama nimemletea nyoka. Akaisukuma taratibu. Akaomba maharage. Sijui samaki wangu wamemkosea nini, na watu wote wanasema mkono wangu ni mtamu! Tena wakati wote alikuwa anajishikashika koo. Nikamuuliza kama linamuuma nimtazame. Akasema, "Limekwisha kutazamwa."

Habari zako hakusema hata nukta. Nilizunguka huku na huku, nikamsifia Ulaya, nikasifia hospitali, wapi. Ila alipokuwa anapanda basi asubuhi aligeuka akaniuliza, "Binti, nesi wa mwaka mmoja na nesi wa miaka mitatu wanapishana nini?" Nikamjibu, "Mzee, wa mwaka mmoja nikimwachia wodi silali. Wa miaka mitatu namwachia, naenda kulala, nakoroma." Akasema, "Hivyo." Akapanda. Basi likaondoka.

Uso wake sikuweza kuusoma. Nimejaribu. Kama nilijibu vibaya nisamehe, nilijibu kweli.

Waridi

*

Uyole
28 Aprili 1958

Mwanangu Jailos,

Nakuandikia ingawa umekaa upande wa pili wa meza hii unachonga penseli isiyohitaji kuchongwa. Ukimaliza kuisoma barua hii ni mali yako. Ukitaka kuitia katika bahasha ukaipeleka Ipswich, hilo ni shauri lako na mimi sitauliza.

Nimeona Uingereza. Kiwanda ni kikubwa na kinanuka. Nimeona na Amsterdam, na hapo ndipo nilipokula. Ni watu wenye adabu, wamejenga mifereji ili wakwe wapishane vizuri, na ukuta wa kulishia wazee. Nimewaambia watu wa chama tufikirie jambo kama hilo hapa.

Jana, kama unavyojua, wazee walikuja kusikia shauri. Wewe walikutoa nje, kwa hiyo hujui yaliyosemwa.

Saulo aliuliza swali lake tena. Nikawaambia hivi. Katika mji ule mwiba wa samaki ulinikaba, nikaona mauti kwa karibu, nikawaza mama yako atamlaumu nani. Wakati huo akaja nesi mmoja akanishika taya, akautoa. Ninao mfukoni. Nikautoa mwiba nikauweka juu ya meza, wakapokezana.

Kisha Saulo akauliza, "Huyo nesi alikuwa Mzungu au mtu mweusi?"

Nikasema, "Nilikuwa nimefumba macho. Ningejuaje?"

Jailos, mimi ni mzee wa kanisa, sisemi uongo mbele ya watu. Nilifumba kweli. Niliposikia hatua zinazunguka kile kiambaza nilijua ni za nani, nikafumba, nikafumba kwa nguvu. Na baadaye sikusema neno kwa sababu koo lilikuwa linawaka, na kwa sababu mzee mzima nilikuwa ninalia, na kofia ndiyo iliyokuwa karibu ya kujifunikia. Kama yupo aliyedhani nimeondoka kwa hasira, amekosea. Asante niliyokuwa nayo haikuwa ya kumpa boi akaipeleke.

Halafu Saulo akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na wengine wakafuata. Akauliza, "Kwa hiyo mgonjwa akifumba, hajaonana na mtu?" Nikasema mimi nimefumba, nimepona, na heshima yangu iko pale pale, anayebisha aseme. Hakubisha mtu. Saulo akaegemea kiti pale pale, akafumba, akafungua kinywa, akasema jino la nyuma linamsumbua tangu Krismasi. Ikabidi nimwambie afunge kinywa, nesi bado hajarudi.

Nikakata shauri. Miaka miwili iliyobaki asome yote, asikatwe hata siku. Chama kitapewa habari hiyo, na mama yako pia, na anayetaka kumwita kabla ya hapo aje kwangu kwanza.

Nina neno moja tu la kumsahihisha. Vile vidole vilivyonishika taya vilikuwa vinatetemeka sana, mpaka meno yangu yakagongana. Mtu aambiwe, Jailos, kwamba akirudi huku kwetu asitetemeke. Sisi tutafumba.

Baba yako,
Sedekia